Tela ya Kwanza ya Kambi: Mwongozo kwa Msafiri Anayeanzia Kwamndolwa

Tela ya kambi ni chombo kidogo, mara nyingi cha magurudumu mawili, kisicho na injini, kinachovutwa na gari la kawaida na kubeba malazi, maji na vyombo vya kupikia, ili familia inapofika porini au ufukweni ikute kitanda na jiko viko tayari badala ya kuanza kusimika hema gizani. Katika wilaya za Korogwe na Handeni neno tela si geni, kwa kuwa trekta za mashamba ya mkonge, kama Magunga na Ngombezi, zimezoeleka kuvuta tela zilizosheheni majani. Kilicho kigeni ni wazo la kulala ndani yake kwa hiari.

Wazo hilo lina maana ya pekee kwa mtu anayeishi Kwamndolwa, kata ya Korogwe, kwa sababu maeneo ya kupiga kambi yamemzunguka pande zote: Usambara Magharibi kwa njia ya Mombo na Soni, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ukielekea Same, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani juu ya Muheza, ufukwe wa Pangani na Ushongo, na Saadani, hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi. Kote huko mtu hufika kwa safari ya siku moja au pungufu, na hiyo ndiyo safari inayofaa tela ndogo.

Mnunuzi wa mara ya kwanza huanza kwa kubonyeza godoro na kufungua makabati. Mwongozo huu unaanzia chini, yaani kwenye uzito, ekseli, tairi na kiungo cha kuvutia, kwa kuwa godoro baya humnyima mtu usingizi wa usiku mmoja, ilhali kiungo kibaya huiachia tela njiani ikaenda yenyewe.

Aina ipi inafaa

Aina mbili zinafaa kujulikana. Ya kwanza ni tela ya umbo la tone la maji, iliyopata umaarufu Marekani tangu miaka ya 1930, ambayo ndani ina kitanda tu na jiko limewekwa nyuma chini ya mfuniko unaofunguka kwenda juu. Ni nyepesi na inavutia macho, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya lami, na mbao zake hazipatani na mchwa wala na unyevu wa masika. Ya pili ni sanduku la chuma lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye hema linalokunjuliwa juu ya paa, ambalo limeenea sana kusini mwa Afrika kwa sababu ya barabara za vumbi na mawe. Kwa msafiri ambaye lami yake huishia mahali fulani baada ya Handeni mjini, aina ya pili ndiyo yenye busara, hata kama haipendezi kwenye picha.

Sharti moja la ukubwa linatosha: tela isiwe pana kuliko gari linaloivuta, ili dereva aone nyuma kupitia vioo vya pembeni, na tumbo lake lisiwe chini kuliko tumbo la gari. Linalosahaulika zaidi ni rimu. Tela ikiwa na rimu zenye matundu ya nati na ukubwa wa tairi sawa na vya gari, tairi moja la akiba huhudumia vyombo vyote viwili, na msafiri aliyepata pancha mbili katika siku moja kwenye njia ya Kwediboma hana haja ya kufafanuliwa faida yake.

Uzito kabla ya uzuri

Kila tela ina namba mbili ambazo mwenyewe lazima azijue. Ya kwanza ni uzito wote, yaani tela pamoja na kila kilichomo siku ya safari. Ya pili ni uzito wa pua, yaani kiasi ambacho mkono wa tela, kile chuma kirefu cha mbele, hukandamiza nyuma ya gari pale unapofungwa. Tela yenye pua nyepesi mno hutikisika kushoto na kulia kama mkia, na mtikisiko huo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka mpaka dereva anashindwa kuumudu. Yenye pua nzito mno hushusha nyuma ya gari, ikainua magurudumu ya mbele na kuyapunguzia nguvu ya kushika barabara. Kwa tela ndogo ya ekseli moja, kipimo kizuri cha kuanzia ni pua kubeba kama asilimia 10 ya uzito wote, alimradi kiasi hicho kisizidi kikomo kilichoandikwa kwenye kiungo cha gari.

Hesabu ya tela ya kawaida ya watu wawili inaweza kuwa hivi:

- Tela tupu: kilo 300
- Godoro na matandiko: kilo 20
- Maji, madumu mawili ya lita 20: kilo 40 (lita moja ya maji ni kilo moja)
- Mtungi mdogo wa gesi uliojaa, pamoja na jiko lake: kilo 16
- Vyombo na chakula: kilo 30
- Betri: kilo 18
- Tairi la akiba: kilo 20
- Turubai, meza na viti: kilo 26
- Jumla: kilo 470, pua iwe karibu kilo 47

Mahali mzigo unapokaa ni muhimu kama uzito wenyewe. Ikiwa ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu mawili, iko mita 2.5 nyuma ya kiungo, na yale madumu mawili ya maji yaliyokuwa juu ya ekseli yakahamishiwa mita moja nyuma yake, pua hupungukiwa na kilo 16, ikabaki na kilo 31, ambazo hazifiki hata asilimia 7. Tela ni ileile na mzigo ni uleule, lakini safari imeshakuwa ya hatari kwa kosa la kusogeza madumu. Kwa sababu hiyo maji, ambayo hupungua kila siku, hukaa juu ya ekseli. Vitu vizito vingine hukaa karibu nayo na chini. Nyuma kabisa huwekwa vitu vyepesi tu kama matandiko na viti.

Upimaji hauhitaji mtambo wa kigeni, kwa kuwa vifaa vyake viko kwa kila mnunuzi wa mahindi.

1. Tela ipakiwe kama siku ya safari, maji yakiwemo, kisha isimamishwe mahali tambarare na magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao.
2. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, ifungwe kwenye tawi imara la mwembe au kwenye miti mitatu iliyosimikwa pamoja, na pua ya tela ining'inizwe kwayo hadi ifikie kimo kilekile cha kiungo cha gari. Namba inayosomeka ndiyo uzito wa pua. Miguu ya watu isikae chini ya chuma wakati huu.
3. Pua ikiwa kwenye kimo hichohicho, kila gurudumu lipandishwe kwenye mizani ya bapa kwa zamu, na la upande wa pili liinuliwe kwa ubao wenye unene sawa na mizani. Mizani hiyo iwe ya kubeba angalau kilo 300.
4. Namba tatu zijumlishwe: gurudumu la kushoto, la kulia, na pua. Hiyo ndiyo jumla ya tela.
5. Magurudumu yakitofautiana sana, mzigo umelalia upande mmoja na upangwe upya.

Gari la kuvuta

Kiasi ambacho gari linaweza kuvuta kimeandikwa katika kitabu chake cha maelekezo, na ndicho cha kufuata, si maneno ya muuzaji wala ukubwa wa injini. Nchi nyingi za Ulaya huruhusu tela isiyo na breki zake yenyewe kufikia kilo 750, na mara nyingi isizidi nusu ya uzito wa gari. Kipimo hicho kinafaa kuazimwa hata pale ambapo hakuna anayekikagua. Hilux au Prado haitahangaika na kilo 470. Gari dogo la familia lenye gia za otomatiki huweza kuzivuta kwenye tambarare ya Segera, lakini milimani mafuta ya gia hupata joto kali, na gia iliyoungua hugharimu kuliko tela yenyewe.

Kiungo kifungwe kwenye chesisi au kwenye vyuma vinavyobeba gari, kwa bolti. Kuchomelea tufe la kuvutia kwenye bampa ni kosa la kawaida mitaani, na bampa hung'oka pamoja na tufe lake.

Kununua iliyotumika au kuchongesha

Ukaguzi wa tela iliyotumika ufanywe kwa mpangilio huu, na mnunuzi asiruhusu mazungumzo ya bei yaanze kabla ya hatua ya tano.

1. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma na ilinganishwe na kadi. Zikitofautiana, ukaguzi umekwisha.
2. Mahali mkono wa tela unapoungana na fremu pachunguzwe kwa tochi, hasa mstari wa kuchomelea. Ufa mwembamba wenye kutu ya rangi ya chungwa maana yake chuma kinaendelea kupasuka, na rangi mpya iliyopakwa mahali hapo peke yake ni sababu ya kushuku.
3. Kila gurudumu liinuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini na litikiswe. Likicheza, beringi, yaani vigololi vinavyozungushia gurudumu, zimelegea au zimekwisha. Kisha lizungushwe na sikio liwekwe karibu: sauti ya kusaga mchanga haihitaji tafsiri ya fundi.
4. Tarehe ya tairi isomwe ubavuni mwake. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za tela huzeeka kwa jua kabla kashata hazijaisha, kwa hiyo kina cha kashata kisimdanganye mtu.
5. Kiungo kifungwe kwenye tufe lenye ukubwa wake, kisha pua ijaribiwe kuinuliwa kwa jeki. Isipochomoka na gari likainuka nayo, kiungo ni kizima.

Ukubwa wa tufe unastahili angalizo. Matufe ya milimita 50 ndiyo yaliyozoeleka kwenye tela za Ulaya na kusini mwa Afrika, lakini tela kutoka Marekani huweza kuwa na kikombe, yaani sehemu ya kiungo inayofunika tufe, cha inchi 1⅞, yaani kama milimita 48, au cha inchi 2 5/16, yaani kama milimita 59. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo hufungika vizuri kwa macho, na hufunguka kwenye tuta la kwanza.

Anayechongesha kwa fundi wa kuchomelea wa Korogwe ana faida ya kuona chuma kabla hakijapakwa rangi. Akubaliane na fundi kwamba mkono wa tela usiwe wa chuma kimoja kilichonyooka bali wa viwili vinavyokutana mbele kwa umbo la A, na kwamba ekseli na springi, hata zikitoka kwenye gari lililokatwa, zitoke pamoja kwenye gari moja na beringi zake zipatikane dukani. Ofisi ya SIDO mkoani Tanga, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, inafaa kuulizwa ushauri kabla ya chuma kukatwa.

Kuhusu karatasi, maelezo ni mafupi. Tela husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kupewa namba yake yenyewe, hivyo anayechongesha atunze risiti za kila kifaa na apite TRA na kwa askari wa usalama barabarani mapema, si baada ya kupaka rangi. Bima ya gari itaje tela, na daraja la leseni ya dereva lihakikishwe pale pale.

Kufunga tela, kila mara kwa mpangilio uleule

1. Tufe lipakwe grisi kidogo, kikombe kishushwe juu yake, na kufuli lake lisikike likiuma.
2. Pua iinuliwe kidogo kwa jeki kama katika ukaguzi, ili kuthibitisha.
3. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono kwa umbo la X, ili kiungo kikifunguka mkono udakwe na minyororo badala ya kuchimba lami.
4. Plagi ya taa ichomekwe, na waya usiburuzike chini wala usikaze wakati wa kukata kona.
5. Gurudumu dogo la mbele lipandishwe na kukazwa.
6. Mtu mmoja asimame nyuma, dereva awashe indiketa ya kushoto, ya kulia, taa ndogo na breki.

| Waya wa plagi ya matundu saba (mpangilio wa kimataifa wa volti 12) | Kazi |
|---|---|
| 1 Njano | Indiketa ya kushoto |
| 2 Bluu | Taa ya ukungu ya nyuma |
| 3 Nyeupe | Arthi |
| 4 Kijani | Indiketa ya kulia |
| 5 Kahawia | Taa ndogo ya kulia |
| 6 Nyekundu | Breki |
| 7 Nyeusi | Taa ndogo ya kushoto |

Taa zote zikicheza pamoja, indiketa ikiwaka na breki ikififia, tatizo karibu kila mara ni waya mweupe ulioshika kutu.

Kwa kufunga mizigo, kamba ya mkonge ni fahari ya mkoa na haina ubaya ikiwa mpya na kavu, lakini hupoteza nguvu ikinyeshewa na kukauka mara nyingi. Mitungi ya gesi na betri zifungwe kwa mikanda ya kukazia au kwa chuma.

Mazoezi kabla ya safari

Kurudi nyuma ndiko kunakowaaibisha wengi, kwa sababu tela huenda kinyume na usukani. Njia rahisi ni kushika usukani sehemu ya chini kabisa kwa mkono mmoja: mkono ukienda kushoto, tela huenda kushoto, ukienda kulia, nayo huenda kulia. Misogeo iwe midogo. Tela ikianza kukunjana na gari, dereva asilazimishe, bali aende mbele mita chache ili vinyooke, aanze tena. Uwanja wa mpira wakati hakuna mchezo, ukiwa na madumu matupu manne badala ya nguzo, unatosha kwa asubuhi mbili za mazoezi, na watoto watakaokusanyika kucheka wazuiwe kukaa nyuma ya tela.

Usiku wa kwanza ulaliwe nyumbani, uani, jiko likipikiwa na taa zikitumika. Hapo ndipo hugundulika kwamba kiberiti kimesahaulika, kwamba chandarua hakifiki pembeni, na kwamba mlango unafungukia upande wa mvua. Safari ya kwanza iwe ya karibu na ya lami, na barabara ya Korogwe hadi Handeni, yenye urefu wa kilomita 65 hivi, inafaa sana kwa kazi hiyo.

Barabarani

Baada ya kilomita 20 hivi za kwanza, gari lisimame na mgongo wa mkono usogezwe karibu na kitovu cha kila gurudumu la tela. Joto la kikombe cha chai ni la kawaida. Joto lisiloshikika ni beringi iliyokazwa mno au isiyo na grisi. Nati za magurudumu nazo zikazwe tena hapo.

Tela ikianza kutikisika, dereva aachie mafuta taratibu, ashike usukani wima na asikanyage breki kwa nguvu wala kujaribu kuikimbia kwa kuongeza mwendo. Ikishatulia, asimame mahali salama na apange mzigo upya, kwa sababu mtikisiko uliotokea mara moja utatokea tena. Upepo wa mabasi yanayopita kwenye barabara kuu ya Segera hadi Mombo mara nyingi ndio unaouanzisha. Kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa kutosha, na kwenye makazi kikomo cha 50 hakibadiliki.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto inahitaji aya yake. Ni ya lami, ina urefu wa kilomita 33 hivi, lakini ni nyembamba, imejaa kona zisizoonyesha upande wa pili, na inapanda hadi Lushoto iliyo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kupanda ni suala la injini na subira. Kushuka ndiko kwenye hatari, kwa kuwa tela isiyo na breki husukuma gari zima kwa uzito wake, na breki zinazokanyagwa mfululizo kutoka Soni hupata joto mpaka zinapoteza nguvu, mguu ukazama bila gari kupungua mwendo. Dereva aingize gia nzito kabla ya mteremko kuanza, ileile aliyopandia au nzito zaidi, aache injini izuie gari, na akanyage breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu kisha aachie zipoe. Akinusa harufu ya breki kuungua, asimame mahali papana, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na asubiri nusu saa bila kumwagia maji. Kwa maoni ya mwongozo huu, njia hiyo si ya safari ya kwanza wala ya pili. Anayetaka kuona bonde kutoka Irente, karibu na Lushoto, mapema hivyo aiache tela mahali penye ulinzi Mombo na apande na gari peke yake.

Kambini

Mahali pachaguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni, penye ardhi ngumu na mwinuko kidogo. Udongo mweusi wa mbugani huonekana kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua moja ya usiku huugeuza kuwa ugali usioachia tairi. Kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, pua ya tela ielekezwe njia ya kutokea. Magurudumu yazuiwe kabla tela haijafunguliwa kwenye gari, kamwe si baada yake.

> ONYO: MKAA
> Jiko la mkaa, hata lenye makaa machache yaliyofifia, lisiingizwe ndani ya tela wala chini ya hema lililofungwa, iwe kwa kupika au kwa kuota moto kwenye baridi ya Lushoto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo humuua aliyelala bila kumwamsha. Mtungi wa gesi ufungwe valvu kabla ya kulala na ukae nje au kwenye sanduku lenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

Katika hifadhi za taifa kambi hupigwa mahali palipotengwa tu na kwa malipo, na ukubwa wa tela utajwe mapema langoni. Matunda, hasa machungwa na ndizi, yasilale ndani ya tela wala chini yake mahali penye tembo. Nguo na vitambaa vya bluu na vyeusi huvutia mbung'o, na turubai la bluu, ambalo ndilo lililojaa madukani, ni chaguo baya Saadani. La kijani au la kahawia linafaa zaidi.

Baada ya kurudi

Tela iliyopita ufukweni Pangani ioshwe chini kwa maji baridi siku hiyohiyo, chumvi isilale kwenye springi. Godoro litolewe na kuanikwa, betri ichajiwe hadi ijae, na fremu iegemezwe kwenye mawe ili uzito usikae kwenye tairi wakati wa miezi ya kusubiri. Beringi zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi mpya mara moja kila mwaka, na mapema zaidi ikiwa magurudumu yaliwahi kuzama kwenye kivuko cha mto, kwa sababu kitovu cha gurudumu chenye moto kikitumbukia kwenye maji ya baridi huyafyonza ndani.

Orodha ya kubandika ndani ya mlango

☐ Kufuli la kikombe limeuma, minyororo imepishana
☐ Taa zote zimejaribiwa na mtu wa pili
☐ Upepo wa tairi umepimwa zikiwa za baridi, la akiba likiwemo
☐ Nati zimekazwa, spana na jeki vinafika kwenye tela
☐ Maji juu ya ekseli, nyuma vitu vyepesi
☐ Valvu ya gesi imefungwa
☐ Gurudumu dogo la mbele limepandishwa
☐ Mawe au mbao za kuzuia zimepakiwa, pembetatu mbili, kizimamoto
☐ Kadi, bima na leseni
☐ Kiberiti